"Kadib?" ya Mwalimu Rukiyo

Mwalimu Rukiyo Alio anastaafu tarehe 31 Agosti, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu hapa Garissa. Alikuja kutoka kwao Rhamu na sanduku moja, akasema ni kwa muda tu.

Waliopita mikononi mwake hawasahau vishazi tegemezi. Mwanafunzi akianza sentensi kwa "because" au "when" kisha akatia nukta kabla ya kufika popote, Mwalimu alipiga mstari mwekundu na kuandika neno moja la Kisomali: Kadib? Yaani, halafu? Kishazi tegemezi, alitufundisha, ni kamba. Ukiivuta, lazima mwishoni kuwe na ngamia. Nasema alitufundisha kwa sababu walimu watatu wa ofisi hii, nikiwemo mimi, tulikuwa wanafunzi wake.

Hakuna aliyeepuka wino huo. Mwalimu mkuu alipobandika tangazo lililosema "Kwa kuwa maji yamekatika" na kuishia hapo, kufikia saa nne lilikuwa na Kadib? kubwa chini yake. Mkuu alicheka, akaliandika upya.

Ila Mwalimu Rukiyo naye alikuwa na kishazi chake. Kila muhula, chai ikimiminwa, alianza: "Nikipata uhamisho..." Nasi kwa pamoja: "Kadib?" Hapo uso wake ulikunjuka. Angekaa na hooyo, mama yake mzazi, wapalilie pamoja vitunguu vya shamba lao kando ya mto Daua.

Uhamisho haukuja. Mwaka juzi hooyo akafariki. Tangu siku hiyo Mwalimu husema tu, "Nikirudi Rhamu," akanyamaza, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza. Ilituuma sana.

Wiki jana, akipanga vitabu vyake, alikimalizia kishazi hicho mwenyewe bila kuulizwa. Akirudi Rhamu, atapanda vitunguu palepale hooyo alipopanda.

Mwalimu, ahsante kwa kila mstari mwekundu. Ukifika nyumbani salama, insha'Allah, tunakutakia maisha mema, maji tele shambani na usingizi mtamu wa mchana. Sentensi hiyo imekamilika, unaweza kuikagua.

Yetu ndiyo imetushinda. Tutakapoingia ofisini Septemba na kukuta kiti chako kitupu.

Kadib, Mwalimu?