Mkuu Aseme Mwisho: Maisha ya Mwalimu Mzunguko

"Sasa babu, kama mkubwa ndiye anayesema mwisho, na akishasema ndiyo basi, sisi wengine tunasema ya nini?"

Swali hilo marehemu aliulizwa na mjukuu wake, wakati huo msichana wa miaka saba, mezani, sahani zikiwa bado hazijaondolewa. Mjukuu alikuwa amekuja nyumbani na mbwa aliyemfuata kutoka shuleni. Marehemu hakumfukuza mbwa wala hakumkaribisha. Aliita kikao, kama alivyoita kikao kwa kila jambo la nyumba ile, akaanza na mdogo: mjukuu, kisha mama yake, kisha mjomba, kisha bibi. Wote walimkubali mbwa. Hata bibi, ambaye manyoya humkohoza, alisema basi akae uani. Marehemu akafuta miwani, akasema, "Nimewasikia wote. Mbwa hapana."

Ndipo mjukuu akauliza. Marehemu alicheka mpaka miwani ikabidi aifute tena. "Hilo ni swali la mtu mzima," akasema. "Nitalijibu."

"Msubiri hapo hapo," bibi akamwambia mjukuu. "Utaota mvi."

Jibu lilikuja, lakini lilichelewa sana. Ndiyo maana wasifu huu umeandikwa na mjukuu huyo, sasa mwanafunzi wa kidato cha pili, na si na mjomba, ambaye kuandika ni kazi yake. Familia ilikaa, akaulizwa kwanza mdogo, na mdogo akasema anataka kuandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi wa breki na mama aliyeuza mboga kwenye lango la karakana. Vyumba vilikuwa viwili. Treni ya mizigo ilipopita ukuta ulitetemeka, kwa hiyo vikombe vyao vilining'inizwa kwenye misumari, havikupangwa rafuni. Marehemu alisimulia kwamba treni ikipita kila mtu alisimamisha sentensi yake katikati, na ikishapita alianza pale pale alipoachia. "Kwetu," alisema, "hakuna aliyemkatiza mwenzake isipokuwa treni."

Mwaka 1960 alianza darasa la kwanza katika shule iliyo mwisho wa barabara ya karakana, ile yenye uwanja wa mteremko ambao mpira ukiupiga juu unarudi wenyewe. Shule hiyo ikumbukwe, maana itarudi. Alipokuwa darasa la tano uliitishwa mkutano wa wazazi, wanafunzi wakasimama nyuma. Wazazi walikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Baba yake alinyoosha mkono mwalimu mkuu alipoanza kuzungumza. Mwalimu mkuu akaendelea. Mkono ukabaki juu. Ulibaki juu mpaka sala ya kufunga, na hakuna aliyemwuliza kitu. Njiani kurudi nyumbani mtoto akauliza, "Baba, ulitaka kusema nini?"

"Nimeshasahau," baba yake akajibu. "Mkono uliniuma."

Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1971 na chuo cha ualimu mwaka 1973. Januari 1974 alipangiwa kufundisha hisabati katika shule ile ile ya uwanja wa mteremko, akaifundisha kwa miaka kumi na mitano. Wanafunzi wake, ambao wengine wamesimama hapa leo wakiwa na vipara, wanakumbuka kwamba hakumwambia mtu amekosea. Alimwambia, "Haya, tueleze umefikaje huko."

Mwaka 1989 alihamishiwa ofisi ya elimu kuwa mkufunzi wa kamati za shule. Kwa wasiojua, na mjukuu naye hakujua mpaka alipouliza, kamati ya shule ni wazazi, walimu na mwalimu mkuu wanaokaa pamoja kuamua mambo ya shule yao: ukuta ujengwe wapi, mpishi awe nani, masomo yaanze saa ngapi. Sheria inawapa haki ya kuamua. Kazi ya marehemu ilikuwa kuwafundisha namna.

Alifika na chaki mfukoni, na kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshaanza kusogeza mabenchi. Hakupenda mistari. Alitaka duara. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amejiandalia kiti chenye mto nyuma ya meza, aliombwa kwa adabu akibebe kiti chake mwenyewe, aje akae katikati ya fundi na muuza mkaa. Halafu ulianza mzunguko. Mdogo kwa cheo aanze. Kila mtu aseme zamu yake, bila kukatizwa, na mtu asitoke mlangoni mpaka mzunguko uishe. Mkuu aseme mwisho. Alieleza kwamba mkuu akitangulia, wengine wote watakuwa wanajibu tu "ndiyo bwana" kwa maneno tofauti.

"Mwalimu," mkuu mmoja alimlalamikia, "nikingojea wote hawa, zamu yangu itanikuta nimesinzia."

"Hapo ndipo tutakapopata uamuzi," marehemu akasema.

Mtu akikosa subira, marehemu alikuwa na neno moja: "Tumalize mzunguko." Ndipo jina la Mwalimu Mzunguko lilipomshika, likaingia mpaka ofisini, likaingia mpaka kwenye bahasha za mwaliko wa harusi.

Harusi yake mwenyewe ilikuwa tarehe 17 Desemba 1977, na nesi wa kliniki ya mama na mtoto aliyekuwa akija shuleni kuchanja. Walijaliwa watoto watatu. Bibi alimpenda sana, lakini mzunguko aliukubali kwa masharti. "Katika nyumba hii," alimwambia, "jikoni kuna kamati ya mtu mmoja, na mwenyekiti ameshasema." Mambo mengine yote yalipita mezani. Mwaka nyumba ilipokuwa inapakwa rangi, kitinda mimba, mama yake mjukuu, alikuwa na miaka minne. Akaulizwa kwanza. Akasema rangi ya chungwa. Kaka zake, kwa ukorofi tu, wakasema chungwa. Bibi akasema chungwa, ili aone mumewe atafanya nini. Marehemu akasema, "Nimewasikia wote," akaenda kununua rangi. Nyumba ni ya chungwa hadi leo, na waliokuja msibani wakapotea waliambiwa tu waiangalie. Mjukuu amewahi kuulizia siku hiyo mara nyingi, kwa sababu ndiyo siku pekee anayoifahamu ambapo waliosema kwanza walipata walichotaka.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Mstaafu mwingine angelala. Yeye alianza kuzitembelea shule alizozifundisha, mojamoja, kwa miguu au kwa kuomba lifti. Alirudi jioni viatu vimejaa vumbi, bibi akamwuliza, "Vipi huko?" naye akajibu, "Wamekaa kwenye mistari." Siku nyingine jibu lilikuwa hilo hilo. Kiti chenye mto kilikuwa kimerudi nyuma ya meza. Mwenyekiti mmoja alimpokea kwa furaha kabisa akamwambia, "Mwalimu, siku hizi tunamaliza kikao kabla chai haijapoa." Marehemu alimpongeza, akanywa hiyo chai, akaondoka.

Hakuwahi kutaja hata shule moja iliyobaki kwenye duara. Mjukuu alimwuliza kama labda bado kuna moja hajaifikia. Akasema labda.

Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba shule ya uwanja wa mteremko itafungwa, na watoto watahamishiwa shule kubwa ng'ambo ya barabara kuu, kule malori yanakopita kwa fujo. Mjukuu alikuwa darasa la sita hapo hapo. Ofisi ilisema kamati ya shule itoe uamuzi wake kwanza, kama sheria inavyotaka. Mwenyekiti wa kamati, mama mwokaji wa mkate ambaye yuko nasi hapa leo, alikuja nyumbani na unga bado uko kwenye nyusi.

"Mwalimu, hatujui tunaanzia wapi," akasema.

"Mnaanzia kwa mdogo," marehemu akamjibu, na siku hiyo alikula sahani mbili.

Aliwafundisha Jumamosi baada ya Jumamosi, katika darasa lile lile alimowahi kufundisha hisabati. Nyumbani tulimsikia akiimba bafuni, jambo ambalo bibi alisema hakulisikia tangu kustaafu. Alisema watu hawa wanasikilizana. Alisema fundi baiskeli amebadilisha mawazo mbele ya watu wote, na akaeleza kwa nini, na hakuona aibu. Alisema wakiamua vizuri, kwa sababu zilizoshiba, hakuna ofisi itakayowapita. Alilisema hilo mezani, na tukaliamini, hata bibi.

Siku ya uamuzi walikaa duara. Yaliyotokea mle ndani tumesimuliwa na mwokaji. Alianza dada mpishi wa uji, akasema watoto wadogo hawawezi kuvuka ile barabara. Akafuata mzazi mmoja, akafuata mwingine. Walikuwa hawajafika nusu ya duara liliposikika lori uwanjani. Fundi baiskeli akainuka.

"Hilo lori ni la nini?"

"Tumalize mzunguko, ndugu yangu," marehemu akamwambia.

"Nichungulie tu, Mwalimu. Mara moja."

"Ukitoka wewe, atatoka na mwingine. Utachungulia baadaye."

Mwokaji akasema huenda ni mchanga wa choo kipya, ulikuwa umeahidiwa siku nyingi. Watu wakacheka kidogo. Fundi akakaa. Wakaendelea, kila mtu na zamu yake, huku nje kukigongwagongwa mbao, na kila mmoja akataka shule ibaki, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mwokaji anasema hajawahi kusikia watu wazima wakizungumza vizuri namna ile. Zamu ikafika kwa mwalimu mkuu. Alikuwa ameinamisha kichwa muda wote.

"Na mimi nataka ibaki," akasema. "Lakini nilipigiwa simu asubuhi. Wameamua. Madawati yanaondoka leo."

Kisha marehemu akauliza, kwa sauti ya chini, "Mbona hukutuambia tulipoanza?"

"Mwalimu, ulitufundisha mkuu aseme mwisho. Nilikuwa nangojea zamu yangu."

Walipotoka, lori lilikuwa linafungwa kamba. Fundi baiskeli alisema angeweza kulala mbele ya magurudumu lilipokuwa tupu, na wangelala wote. Lakini sasa lilikuwa limeshajaa, na watoto walikuwa wanalipungia mkono. Marehemu alimwendea dereva akamwuliza nani amemwagiza. "Mzee," dereva akamwambia, "mimi nabeba tu." Uamuzi wa kamati ulipelekwa ofisini Jumatatu. Haukujibiwa.

Tangu siku ile hatukukaa tena kikao nyumbani. Bibi, ambaye miaka yote aliutania mzunguko, ndiye aliyejaribu kuufufua. Alisema, "Leo tunaamua nini, baba?" Marehemu akamjibu, "Amua wewe." Mwokaji alikuja kumwambia hakuna anayemlaumu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa mkate, akarudi kukaa dirishani. Mjukuu alianza kuvuka barabara kuu kwenda shule. Kila asubuhi marehemu alimsindikiza mpaka ukingoni, akamshika mkono, akangoja nafasi kati ya lori na lori.

Novemba 2023 miguu ilianza kuvimba. Katika hospitali ya wilaya walisema ni figo, na kwamba damu yake ingehitaji kusafishwa kwa mashine katika hospitali kubwa, safari ya kila wiki mpaka mwisho. Bibi, ambaye ni nesi na alijua anachosikia, aliwaita wote wodini akasema, "Tukae kama anavyotaka yeye." Viti havikutosha duara, wengine wakakaa ukingoni mwa kitanda cha jirani. Mjukuu akaulizwa kwanza. Akasema anataka babu aende. Mama yake akasema aende. Mjomba akasema aende. Mjomba mkubwa, fundi wa umeme, akasema atapata gari. Bibi akasema, "Nenda, baba watoto. Kwa ajili yangu."

Marehemu aliwatazama mmoja mmoja. "Nimewasikia wote," akasema. "Siendi."

Hakuna aliyebishana naye. Sisi ndio aliotulea.

Alifariki tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi, bibi akiwa amemshika mkono. Ameacha mke, watoto watatu, ambao ni fundi wa umeme, mwandishi wa habari na msusi, wakwe wawili, wajukuu watano, na dada yake mkubwa, ambaye kwa umri wake leo alipaswa kusema mwisho na ameomba asiseme kitu. Ameacha nyumba ya rangi ya chungwa. Shule ya uwanja wa mteremko sasa ni ghala la saruji. Alale salama, katika utulivu ambao hata treni haiukatizi.

Limebaki lile swali. Siku ile wodini wengine walipotoka kulia koridoni, mjukuu alibaki. Hakuwa amepanga kuuliza. Alimwambia tu, "Babu, tumesema wote. Wote tumesema uende. Sasa tulisema ya nini?"

Marehemu alilikumbuka. Alitabasamu kidogo, akatafuta miwani, mjukuu akampa.

"Mnasema," akajibu, "ili anayewakatalia asipate pa kusema hakusikia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ni hilo tu, mjukuu wangu. Nimetafuta na lingine, sijalipata."