Mdogo Wetu Hakuwa na Vidonda vya Tumbo

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu unasomwa na dada mkubwa wa marehemu kwa niaba ya familia. Mwenyewe alimwachia mkewe neno: siku yake ikifika, asisingiziwe vidonda vya tumbo. Basi tutasema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuguzi. Mama alizoea kusema mtoto huyu alinyonya kama aliyeajiriwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kumaliza sekondari mwaka 1997. Sekondari ndiko alikojiunga na ndondi. Kocha aliwapima wavulana uzito kila Ijumaa mbele ya wenzao, na aliyezidi alisimangwa mpaka basi. Marehemu alizidi kilo mbili. Mwenzake akamwonyesha namna ya kutapika alichokula. Akashinda pambano, akavishwa medali, watu wazima wakapiga makofi. Ndondi aliziacha baadaye. Kutapika kukakataa kumwacha.

Mwaka 2001 aliajiriwa kufundisha udereva, na huko ndiko alikopewa jina la Breki, kwa kuwa mguu wake haukubanduka kwenye breki ya mwalimu. Hakuwahi kumfokea mwanafunzi. Shangazi yetu alipogonga geti la chuo mara ya pili, alimwambia tu, "Shangazi, geti haliendi popote. Tulizunguke polepole."

Huyu mtu mpole alikuwa akila kwa kujificha na kutapika kwa kujificha. Kwa miaka kumi na tatu alipewa dawa za minyoo, dawa za tumbo, na mawaidha. Mawaidha ndiyo yaliyozidi. "Mwanaume mzima unaogopaje sahani?" aliulizwa, tena mezani, wageni wakisikia. Hata hapa msibani tumesikia mtu akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tunairudisha kwa mwenyewe. Marehemu alijieleza kwa madaktari kadhaa, wakamwambia ugonjwa wa kula ni wa wasichana.

Aliyemwelewa alikuwa daktari wa meno, mwaka 2009. Aliona meno yalivyolika, akazima taa yake, akauliza taratibu, "Huwa unatapika?" Kisha akampeleka kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, mama ambaye sisi tumezoea kumwita Mshauri. Kila Jumanne alasiri marehemu alipanda ngazi hadi chumba chenye viti viwili na feni yenye kelele. Baba mdogo alichoka kuvumilia. "Jumanne zote hizo mnaongea nini?"

"Miezi ya kwanza, baba mdogo, tuliongea habari za mvua."

Alipoanza kupata nafuu, hospitali ikaamua kwamba vikao alivyopewa vimetosha, wengine wanasubiri. Mshauri aliwauliza wakubwa wake, "Mtu kaumwa miaka kumi na tatu, mnataka apone kwa miezi sita?" Hawakumsikiliza. Haikupita muda marehemu akazimia kazini, gari likiwa limesimama, tunashukuru. Ndipo wakamrudisha kwa Mshauri. Hakuna aliyeomba radhi mpaka leo. Matibabu yakaendelea hadi mwaka 2018. Aliinuka, akaanguka, akainuka tena, na Mshauri hakumhesabia.

Mkewe alikuwa mwanafunzi wake, aliyefeli mtihani wa barabarani mara tatu na kuapa kwamba mwalimu alimfelisha kusudi. Siku ya kwanza kumwalika mkahawani, marehemu alimwambia, "Nina ugonjwa, na uko hapa hapa mezani."

"Basi tuagize chai," mkewe alimjibu. "Mengine utanieleza taratibu."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2013, wakajaliwa binti wawili. Alikaa nao mezani kila jioni, akala alichopakuliwa, akabaki kitini akiwachekesha.

Tarehe 6 Agosti 2024 asubuhi, akimsubiri mwanafunzi ofisini, moyo wake ulisimama. Daktari alitueleza kwamba moyo ulidhoofishwa na ile miaka ya kutapika, kabla hajatibiwa. Mnaouliza tiba ya miaka yote hiyo ilisaidia nini, watazameni hawa watoto walioketi mbele. Wamempata baba. Kilichotuumiza si urefu wa tiba, ni kuchelewa kwake. Na hasira hiyo hatutaizika leo.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, binti wawili, dada wawili na kaka mmoja. Mshauri yuko pale nyuma, karibu na mlango, kwa sababu hakujua kama anastahili kukaa na wafiwa. Mama yetu ametuagiza tumwombe asogee. Mama Mshauri, njoo ukae nasi.

Mola ampumzishe mdogo wetu kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayempima.