Kinyongo cha Kobe

Ndani ya treni ya asubuhi mshonaji alikuwa akirudia kimoyomoyo maneno ya kwenda kumwambia msimamizi wake, huku akikunja na kukunjua tiketi hadi ikalegea kama kitambaa. Nyuma yake bibi mmoja na fundi wa friji, watu wasiojuana, walikuwa wameruka salamu na kuinamia simu ya bibi, wakibishana kuhusu kobe wa kwenye gemu.

"Shambulio lake linaitwa Kinyongo," fundi alieleza. "Anakaa kimya raundi mbili, anapigwa tu. Ya tatu anarudisha yote mara mbili."

"Najua, mjukuu wangu. Lakini jana hakurudisha hata kofi moja."

"Adui alimpiga?"

"Alimngurumia. Raundi zote mbili."

"Basi, bibi. Ngurumo haipunguzi uhai. Kama hukuumia, utarudisha nini?"

Mshonaji akaacha kukunja tiketi. Miaka miwili sasa msimamizi hajamgusa hata kwa ukucha. Kazi yake ni kumfokea mbele ya wenzake, naye anafunga mdomo, anashona.

"Aliyetunga gemu hili hajawahi kufokewa," bibi alisema. "Mwangalie kobe alivyonywea. Shingo yote imeingia ndani."

"Hiyo picha tu. Uhai wake umejaa."

"Umejaa kwako wewe unayesoma namba."

Treni ikasimama. Mshonaji alitamani kusikia nani atashinda ubishi huo, lakini hicho kilikuwa kituo chake. Alipofika kwenye ngazi akagundua shingo yake imezama mabegani. Akainyoosha, akaongeza mwendo.