Ujumbe wa Yunisi Nilioutupa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe hata na sisi ambao sauti zetu hazifiki benchi la pili! Naitwa Rahel. Wengi hamnijui, maana kwenye kwaya nasimama nyuma ya wale warefu. Mchungaji ameniruhusu nisome kwenye daftari langu, kwa sababu nikisema bila kusoma nitalia na kukaa chini. Naomba mnisikilize hadi mwisho, hata pale mtakapotaka kuguna.

Mimi nilikuwa na wivu. Mama yangu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, anauita ishari. Anasema unaanzia machoni, unashuka kooni, ukifika tumboni hata ugali haupiti. Wangu ulikuwa umefika tumboni!

Tangu tulipohama Kibondo kuja hapa Kasulu, ndoto yangu ni moja tu: kusomea usalama wa mtandao, niwe mtu wa kuwazuia wezi wa kwenye kompyuta. Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi kwenye steshenari ya Kaka Elia karibu na stendi. Nachapa barua, natoa kopi, najazia watu fomu za vyuo. Na kila wiki nilikuwa naandika kwenye shajara yangu bei ya yale mafunzo, kama mtu anayekwangua kidonda. Ada peke yake inameza maharage ya mama ya misimu mitatu. Na mtihani wa mwisho unalipiwa kwa dola! Mama yangu dola ameiona kwenye picha.

Ndipo shirika moja likatangaza kwamba litamlipia nusu ya gharama msichana mmoja wa wilaya yetu. Nikaomba. Rafiki yangu Yunisi, niliyekaa naye dawati moja, naye akaomba. Fomu yake nilimjazia mimi. Barua pepe yake nilimfungulia mimi. Kompyuta ya kwanza aliyoigusa Yunisi, ni mimi niliyemwonyesha pa kuwashia! Wakatupigia simu kutuhoji. Mimi nikasema "ndiyo" mara nne na "sijui" mara moja, basi. Yunisi aliongea nao kama anagombea udiwani. Wakamchukua Yunisi, wakamwambia asubiri ujumbe wao kwenye barua pepe mwanzoni mwa wiki ifuatayo.

Jumapili ile mnaikumbuka. Kanisa lilimchangia nusu iliyobaki, na baada ya ibada vitu vya sadaka vikanadiwa pale nje kama kawaida yetu. Mzee Filimoni akainua jogoo: "Jogoo huyu ameokoka! Hawiki mpaka aombe! Nani anaongeza?" Mkacheka, mkaongeza. Mimi kila mkiongeza nilihisi pesa ile inatoka kooni kwangu. Mara nikamwona mama anakuja na debe la maharage kichwani. Maharage yale tuliyapalilia wawili kule shambani Nyakitonto, migongo inauma, akiniambia, "Haya ni ya shule." Akayatua mbele ya Yunisi!

Njiani nikamwuliza, "Mama, na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Yale maharage yalikuwa yangu."

"Yalikuwa ya shule. Yamekwenda shule." Akatembea kidogo, akageuka. "Mwenzio akipanda, nawe utashika upindo wa nguo yake. Au unataka wote mbaki chini mkitazamana?"

Siku ile kwenye shajara niliandika mstari mmoja: Namchukia Yunisi.

Sasa sikieni ubaya wangu. Wateja wetu wengi hawana simu kubwa. Mtu anafunguliwa barua pepe leo, hajafika hata stendi paswedi ameshaisahau. Kwa hiyo Kaka Elia alikuwa na daftari la bluu lenye majina ya wateja na paswedi zao zote, la kuwasaidia. Mlinzi wa daftari lile nilikuwa mimi. Paswedi ya Yunisi ilikuwa humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Jumanne nikaingia kwenye barua pepe yake. Nilijiambia naangalia tu. Ujumbe wa shirika ulikuwepo: athibitishe nafasi yake kabla ya Ijumaa jioni, asipothibitisha atapewa mwingine. Mwingine! Nikaona jina langu ndani ya neno lile. Nikaufuta. Kidole kimoja tu, ndugu zangu! Yule mwizi niliyetaka kusomea kumzuia alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amevaa sketi yangu.

Jioni Yunisi akaja na vumbi la shamba miguuni. "We Rahel, wameandika?"

"Bado."

Jumatano akaja tena. "Hebu angalia vizuri, bwana. Au mtandao wa Kaka Elia unatembea kwa miguu?"

"Hakuna kitu, Yunisi."

Akaniamini. Hata kuchungulia kioo cha kompyuta hakuomba.

Ijumaa asubuhi akaja, hakuuliza. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Nimetoka kwa Mchungaji. Nimemwambia hawa watu wamenitosa, na mimi siwezi kula jogoo wa kanisa bure. Ile michango wakupe wewe, uanzie hata kozi ndogo. Wewe ndiye unayejua haya mambo. Mimi nina mdomo tu."

"Mchungaji amesemaje?"

"Atatangaza Jumapili. Furahi, bwege wewe!"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshinda! Nafasi yake inakufa jioni ile, na michango yake inakuja kwangu, tena anaileta mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kile ninachokijua kuliko vyote duniani: kunyamaza. Maisha yangu yote nimenyamaza na watu wakaniita mpole. Asubuhi ile nikajua kuna kunyamaza ambako ni wizi. Nikasema moyoni, Yesu, nipe sauti, hata kama ni ya kukwaruza.

"Ulikuja Jumanne," nikasema.

"Nini kilikuja?"

"Ujumbe wako. Niliufuta."

Kaka Elia akasimamisha mashine ya kopi. Yunisi akanitazama kama mtu asiyenijua. Nikafungua pale vinapokwenda vilivyofutwa, maana ujumbe ukitupwa haupotei siku hiyohiyo. Ulikuwepo! Nikaurudisha, nikampisha kwenye kiti. Nilipofungua mdomo niombe msamaha akaninyooshea kiganja.

"Ngoja. Nijibu kwanza. Nitalia baadaye."

Akajibu. Kisha akalia kweli, nami nikalia, Kaka Elia akatupa karatasi za kopi zilizoharibika tufutie machozi.

Nilikwenda kwa Mchungaji nikamwambia yote. Nikamwambia na mama. Nisiwadanganye: Yunisi hakunisamehe siku ile, na mama hakusema nami hadi Jumapili. Lakini mchana ule nilikaa mezani, nikamega tonge, na ugali ukapita! Mwenye kuelewa na aseme amina.

Jumatatu nikamwomba Kaka Elia tulichome lile daftari.

"Binti, utaniulia biashara!"

"Kaka, uliniweka mimi kuwa kufuli la daftari hili, na kufuli ndilo lililoiba."

Tukalichoma nyuma ya duka. Sasa kila mteja anaandika paswedi yake mwenyewe, na mimi nageukia ukuta. Mzee Filimoni ameshasahau yake mara tatu. Mara tatu nimegeuka.

Siku ya kusafiri Yunisi alipita dukani na begi lake. Tulikuwa hatujaongea wiki nzima. Akasema, "Nataka kubadili paswedi." Nikampisha, nikageukia ukuta. Nikasikia vidole vyake, tap, tap.

"Geuka," akasema. "Tafuta daftari jipya. Kila Jumamosi nitakutumia walichonifundisha."

Mafunzo yale sijayapata, wapendwa, na bei yake haijashuka. Wivu nao unapita dirishani siku nyingine, unachungulia. Lakini hauna tena paswedi yangu! Namshukuru Mungu aliyenipa sauti, na mama aliyetoa debe lile. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu cha mwenzako umekificha, kiwe habari, kiwe sifa yake, kiwe nafasi yake, usiogope. Mwamini Yesu, fungua mdomo. Ijumaa jioni haijafika. Mrudishie.