Dawa za Mtoto wa Amri

Kijiwe chetu cha Tunduma kilikuwa benchi moja na kreti mbili za soda, zimeegeshwa kwenye ukuta wa duka lililofungwa tangu bidhaa ziadimike, hatua mia mbili hivi kutoka kizuizi cha mpaka. Ishaka alileta jiko lake la mkaa na birika la kahawa saa nane mchana, na kufikia saa nane na robo benchi lilikuwa limejaa. Watson alikaa upande wa kulia. Alikuwa amefagia wodi za hospitali moja ya migodini Kopabeti, Zambia, kwa miaka sita, akarudi na neno la Kibemba la heshima ambalo alilitia mwishoni mwa karibu kila alichosema, na kwa hiyo tulimwita Mukwai. Katikati alikaa Mzee Zebedayo, mkulima wa kahawa wa Mbozi, tuliyemwita Buni. Mimi nilikuwa bwana shamba, na hilo lilitosha kuwa jina.

Jumamosi moja ya Machi 1977, Amri alifika asikae. Amri alikuwa dereva wa lori, na watu walimwita Breki kwa sababu lori lake halikuwa nazo za kutegemewa. Alifungua kikaratasi kiganjani. Ndani kulikuwa na vidonge sita vyeupe vya klorokwini alivyovinunua ng'ambo, Nakonde. Binti yake Mwajuma, mwenye miaka mitatu, alikuwa na homa tangu juzi usiku. Zahanati ilikuwa imeshafungwa, muuguzi wa zamani alikuwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake hakuna aliyemjua. Saa kumi Amri alitakiwa awe njiani kwenda Mkwajuni na magunia ya mahindi.

– Niambieni tu nimwachie mama yake maagizo, alisema. Ampe vingapi?

Ishaka alimpa kikombe. Amri alikishika bila kunywa.

– Vinne kwa mpigo, alisema Watson. Kesho viwili, mukwai.

– Vinne si vya mtu mzima?

– Breki, sikiliza. Dawa inapigana na mtoto au inapigana na homa?

– Na homa.

– Haya. Homa ya mtoto na homa yako wewe si homa ile ile? Sasa ukipeleka askari wachache kwa sababu nyumba ni ndogo, jambazi aliye ndani atakuwa amepungua? Mimi nimeyaona haya wodini kwa macho yangu, mukwai.

Mzee Zebedayo alisema mtu anaweza kufagia msikiti miaka kumi na asiwe shehe. Kisha akaeleza ya kwake. Yeye hupulizia mibuni dawa ya ukungu, na mche mdogo haupewi bomba zima. Nilianza kuitikia kwa kichwa kumuunga mkono, kwa kuwa hilo lilikuwa sahihi, lakini hakuishia hapo. Alisema njia salama ni mama ameze vidonge, mtoto anyonye. Ng'ombe akila majani machungu, maziwa yake huwa machungu. Dawa nayo itapita humo humo, imeshapoozwa na mwili wa mama.

– Mwajuma aliacha kunyonya mwaka jana, mzee.

– Basi aanze tena.

Tulicheka, na Amri pia alicheka kidogo. Ishaka alikuwa akipepea mkaa. Alisema wote wawili wanahangaika na idadi, wakati tatizo ni njia. Kidonge kikimezwa kinakwenda chini, tumboni. Homa ya mtoto iko kichwani. Kidonge kitajuaje kichwa kiko wapi? Alishauri mtoto alazwe mteremko, miguu juu ya mto, na akorogewe dawa kwenye kahawa, kwa kuwa chungu na chungu ni ndugu na watasaidiana kupanda.

– Bwana Shamba, wewe umesoma, alisema Amri. Sema neno.

Nilisema tusome maelezo ya dawa. Amri aligeuza kikaratasi. Kilikuwa kipande cha gazeti, na kilichosomeka ni matokeo ya mpira. Watson alirudia hoja yake ya askari kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Amri alikunja kikaratasi, akaangalia jua.

– Basi nitamwambia vinne, alisema.

Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi alikuwa amesimama karibu na jiko. Alikuwa akielekea posta na bahasha mkononi. Huyo alikuwa Leah, muuguzi mpya, aliyekuwa na siku tano tu Tunduma. Baadaye alikuja kuwa mke wangu. Sasa ni marehemu, na ndiyo sababu naandika habari hii mapema, kabla sijaanza kuisahau vipande.

– Samahani, kaka zangu, alisema. Shikamoo, mzee. Huyo mtoto ameshameza nini tangu juzi?

Zebedayo aliitikia marahaba.

Amri alisema yeye hajampa kitu. Dawa ndiyo hii hapa. Leah aliuliza tena, pole pole, kama wapo wengine waliokwenda kumwona mtoto. Hapo tulianza kutazamana. Pale kwetu huendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu, na katika miaka ile ya uhaba mtu aliyekosa sukari alipeleka kidonge alichobakiza nyumbani. Ilikuwa heshima.

– Mimi jana jioni nilimpa mama yake, Pili, viwili, alisema Ishaka. Klorokwini.

– Mimi asubuhi, viwili hivyo hivyo, alisema Zebedayo.

– Rangi mbili. Vitatu, alisema Watson. Safari hii hakutia mukwai.

Nami nilikuwa nimepeleka aspirini mbili. Nilisema hivyo.

– Na mama yake amempa vipi kati ya hivyo?

Hakuna aliyejua. Kila mmoja wetu alikuwa amekabidhi, akaombea afueni, akaondoka.

– Klorokwini vinne kwa mtoto wa miaka mitatu, alisema Leah, vinaweza kusimamisha moyo. Nyumba iko wapi?

Amri alikuwa ameshatangulia. Tulimfuata kwenye matope, sote, na Ishaka aliliacha birika juu ya jiko bila mtu wa kulilinda.

Pili alikuwa amekaa ukumbini na mtoto mapajani, akimpangusa kwa kitambaa chenye maji. Amri alimuuliza, umempa vingapi? Pili alitutazama tulivyojazana mlangoni, akainamisha kichwa, akafungua fundo la kanga yake.

– Sijampa hata kimoja, alisema. Kila aliyeleta alileta na maagizo yake. Huyu anasema kabla ya uji, huyu baada ya uji. Ningemkatalia nani? Wote mmekuja kwa huruma. Nikapokea, nikafunga.

Leah alivipanga vidonge kwenye sinia. Klorokwini vinne, rangi mbili vitatu, aspirini mbili. Vilikuwa tisa, sawasawa na tulivyotaja. Vya rangi mbili, yaani tetrasaiklini, alivitenga, akasema vingemharibu meno mtoto wa umri ule. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifanya: alimtazama mgonjwa. Alimfunua kope, akamgusa shingo, akasikiliza kifua, akachungulia masikio. Amri alitumwa na ufunguo kuleta mizani zahanati. Mwajuma alikuwa na kilo kumi na mbili. Leah alikata kidonge kimoja kwa kisu, akaondoa robo, akasaga iliyobaki katika kijiko.

Mtoto alikunja uso, akameza.

– Sasa tunakaa nusu saa, alisema Leah. Akitapika kabla ya hapo, dawa haijaingia, tunampa tena. Nani ana saa?

Nilikuwa nayo mimi peke yangu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Watson alikaa kizingitini, Zebedayo kwenye kinu kilichopinduliwa, Ishaka alichuchumaa ukutani. Amri alimshika mtoto mguu. Leah alikaa mkekani, mkono mmoja kwenye paji la uso la Mwajuma, bahasha yake imelowa pembeni, akimuuliza Pili mtoto anapenda kula nini. Alikuwa na namna ya kungoja jibu mpaka liishe.

– Bado? aliniuliza.

Nikatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na mbili; nusu saa ilikuwa imeshapita, na sikutaka ainuke.

– Bado dakika tano, nikasema.