Jonah Wasike, Dresa Aliyetunza Nguvu za Wagonjwa

Bwana Jonah Wasike, dresa wa Wadi ya Tatu katika hospitali yetu hapa Nakuru, anastaafu tarehe 31 Desemba 1958 baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne. Aliajiriwa mwaka 1934 kama mfagiaji, akajifunza kufunga vidonda kwa kutazama, na mwaka 1941 akapasi mtihani wa dresa katika jaribio la tatu. Habari hiyo ya jaribio la tatu huisimulia mwenyewe kabla hujamuuliza.

Wenzake wanamjua kwa besi yake inayochelewa kidogo nyuma ya kwaya, na kwa baisikeli ambayo breki zake hazijawahi kumtii. Bustani ya kabichi ya Sista, msimamizi wa wadi yetu, imevamiwa nayo mara mbili. Baada ya mara ya pili alipanda kabichi nyingine kwa mkono wake, zikawa kubwa kuliko zile za kwanza.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwa wagonjwa wa kansa ambao daktari amekwisha kusema hawatapona. Hao huchoka uchovu usioondoka kwa usingizi. Zamani wadi ilifuata saa: kila mgonjwa aoshwe, anyolewe na kutandikiwa kitanda alfajiri, kabla daktari hajapita. Bwana Wasike aliishika sheria hiyo kuliko wote, akiamini kwamba anayelala sana anajilegeza.

Mwaka 1953 alikuwa akimtembeza mgonjwa mmoja, Wachuka, kila asubuhi hadi mlangoni na kurudi. Jumamosi moja mama yake Wachuka alipata kibali cha siku moja, kama ilivyotakiwa wakati ule wa Hali ya Hatari, kutoka Bahati kuja kumwona. Alimkuta binti yake ameoshwa vizuri, amechanwa nywele, na amelala fofofo kwa uchovu wa kuoshwa na kutembezwa. Hakuamka mpaka mama alipoondoka, na Jumanne akafariki. Kosa hilo Bwana Wasike hajalificha. Amelisimulia kwa kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake.

Tangu hapo alianza siku kwa kumuuliza kila mgonjwa ni jambo gani analotaka kufanya leo kuliko yote. Jambo hilo likatengewa nguvu, mengine yakapunguzwa. Kuoga kukahamia alasiri, mgonjwa ameketi kwenye kigoda. Uji ukaletwa kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Wenye uwezo walipiga hatua chache barazani kabla ya jua kali, kwani kulala kutwa nako kunachosha.

Agosti 1954 tulimpokea Mzee Kimaiyo, mkamua ng'ombe wa shamba moja upande wa Molo. Jumamosi iliyofuata wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa waje kuzungumza posa ya binti yake, Cheptoo, na kwa kuwa baba hangeweza kwenda nyumbani, wangekuja kwenye baraza ya wadi. Nduguye alikuwa tayari kusema kwa niaba yake. Mzee alikataa.

"Mimi nataka kuongea mwenyewe," alimwambia Bwana Wasike. "Hiyo ingine yote wacha tu."

Wiki nzima hakuwa ameweza kuketi zaidi ya dakika kumi. Basi kuanzia Jumatano Bwana Wasike aliacha hiyo ingine yote. Hakumnyoa, hakubadilisha shuka ila palipolazimu, na wageni wa kawaida akawarudisha mlangoni kwa adabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Alhamisi Sista alipata barua isiyo na jina, ikisema kwamba dresa wa Wadi ya Tatu ni mvivu na mgonjwa wake anaachwa mchafu. Ijumaa alikagua, akaziona zile ndevu. Bwana Wasike akaamriwa kuhamia kwa dobi. Aliomba tu asihamishwe kabla ya Jumatatu.

Jumamosi Mzee Kimaiyo alibebwa hadi barazani, akaegemezwa kwa mito miwili, akaongea karibu saa nzima. Alitaja ukoo wake, akamhoji kijana juu ya tabia yake, akacheka, akambariki Cheptoo kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha akaomba kulala. Aliishi siku tisa zaidi, na hakuketi tena.

Bwana Wasike alifua na kuanika shuka miezi minne, mpaka wagonjwa walipomwomba Sista amrudishe. Siku hizi hakuna mgonjwa wa aina hiyo anayeamshwa kwa ajili ya kutandika kitanda.

Mwandishi wa barua ile alikuwapo barazani siku ya posa. Ndiye aliyebeba benchi la wageni. Aliona yote. Jumatatu angeweza kwenda kwa Sista akaeleza, lakini aliona aibu, akanyamaza miaka minne. Mtu huyo ni mimi.

Bwana Wasike, naomba radhi mbele ya watumishi wote. Tunakushukuru kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuhudumia. Wewe na mkeo, Mama Nabalayo, mfike kwenu Kimilili salama, na Mungu awape miaka mingi ya kuamka mtakapo.

Barua ile haikuwa na sahihi. Hii inayo.

Eliakim Omolo
Karani, Wadi ya Tatu