Bi Mashavu na Ruta ya Matundu Manne

Tarehe 30 Juni 2009 Bi Mashavu Sadala anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi: kumi na minane mbele ya redio kol ya wilaya, na kumi na mitatu akiwa karani wa shule yetu hapa Kibiti.

Kwenye redio kol kazi yake ilikuwa kuita vituo vya delta, Mbwera na Maparoni, kupokea habari za wagonjwa na kuwatafutia boti. Mmoja akizungumza, wengine wote hunyamaza mpaka aseme "ova". Zoea hilo alikuja nalo shuleni. Wazazi waliopiga simu ofisini walishangaa kuambiwa, "Mtoto wako hajambo, ova," kisha kimya.

Lakini sisi wanafunzi tutamkumbuka zaidi kwa mambo ya Machi mwaka huu. Shule ilikuwa imeazimwa kompyuta nne na kuandikishwa katika mchezo wa hesabu unaochezwa kwa mtandao baina ya shule za mkoa. Sharti lilikuwa gumu: shule ambayo kompyuta yake itanyamaza kwa sekunde kumi inatolewa, na kompyuta zake zote zinapelekwa shule nyingine. Shuleni hapakuwa na laini ya simu. Nyumbani kwa Bi Mashavu ilikuwapo. Akasema tuchezee sebuleni kwake, na ruta, kile kisanduku cha kuzigawia kompyuta mtandao, ataichagua mwenyewe.

Zamani serikali ilimpa redio moja, wala hakuulizwa anaitaka ipi. Sasa biashara imefunguliwa, na duka la Kariakoo aliloingia lilikuwa na ruta ukuta mzima. Muuzaji, Bwana Haidari, alimshikisha yenye antena tatu.

"Mama, hii moto! Inashika mpaka kwa jirani."

"Jirani yangu hachezi, baba," akamjibu. "Mimi nina wanne sebuleni. Wakiita wote kwa pamoja, nani atasubiri?"

Bwana Haidari akafungua vitabu vya maelekezo. Wakasoma pamoja mpaka wakaipata: ndogo, antena moja, matundu manne ya waya, na inakubali kuagizwa ni mashine ipi ipite kwanza.

Mkuu wa shule, Mwalimu Muhidini, aliigeuzageuza mkononi. "Bi Mashavu, umeleta ruta au boksi la sabuni?"

Siku mbili kabla ya mchezo tulifanya jaribio, likaharibika vibaya. Kompyuta ya kwanza ilikimbia, tatu ziliganda. Mchezaji mwenzetu Nasra alilia. Mwenzetu mwingine, Sijaona, akasema tuwaandikie waliotuazima kompyuta waje wachukue vitu vyao. Bi Mashavu alipitia mipangilio yote ya ruta, mstari kwa mstari, kisha akajishika kichwa. Alikuwa ameipanga kama redio kol: kituo kimoja kipewe njia yote, vingine vingoje.

"Kosa langu, wanangu," alisema, na Mwalimu Muhidini yupo pale pale. "Kwenye redio anayengoja anajua anangoja. Kwenye mchezo anayengoja ameshatolewa."

Akazipanga zote nne mbele, sawasawa, na kitu kingine chochote nyuma.

Siku yenyewe tulianza vizuri. Dakika ya ishirini bintiye, Dada Zuena, aliyefika asubuhi ile kutoka Dar es Salaam na hakuwa na habari ya mchezo, alifungua kompyuta yake chumbani akaanza kutuma picha za harusi. Sebuleni namba zikasimama. Vidole vyetu vikasimama. Mwalimu Muhidini akaanza kuhesabu kwa sauti, "Mbili... tatu... nne..."

"Mwalimu," alisema Bi Mashavu, "usitusomee talakini bado, hatujazikwa."

Kwenye sita namba zikaendelea. Kisha ukasikika ukelele chumbani: "Mama! Mtandao wako umekufa!"

"Haujafa," akajibu bila kugeuka. "Umekupanga foleni. Kaa foleni."

Tulikuwa wa tano kati ya shule kumi na moja. Kombe halikuja Kibiti, lakini hakuna kompyuta yetu iliyotolewa, na zote nne tunazo.

Sasa Bi Mashavu anahamia Maparoni kulima mpunga, na laini yake ya simu ameihamishia shuleni. Mchezo mwingine ni Septemba, kwa sharti lile lile. Wiki iliyopita alituamuru tufute mipangilio yote ya ruta na kuipanga upya, yeye akiwa nje na mlango umefungwa. Tulikosea mara mbili. Tulimwita. Hakuitika. Mara ya tatu mchezo ukafunguka kwenye kompyuta zote nne. Tulipofungua mlango tulimkuta amesimama pale pale kizingitini, kiatu kimoja kishavuliwa, mkono uko kwenye kitasa.

Ahsante, Bi Mashavu, kwa kutokuingia. Mungu akupe afya, mpunga wako ukubali, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na za raha.

Mwantum Yassin, Kidato cha Tatu